Aliyesonga Polenta ni Asifiwe

Léontine alijitwalia kazi ya mikono ya Asifiwe mchana kweupe, mbele ya watu wapatao mia tatu, katika kijiji kimoja cha milimani huko Italia, mwezi wa kumi mwaka 2008. Aliulizwa nani amesonga polenta, akasema ni mimi. Hakutishwa, hakulazimishwa, wala hakuwa amelewa. Alisema ni mimi, akaenda mbele, akavishwa shada la maganda makavu ya mahindi, na watu wakampigia makofi. Asifiwe naye alipiga makofi. Hayo makofi ndiyo yaliyommaliza, na hadi leo watu wa kanisani humtajia kila anapofungua mdomo.

Polenta, kwa asiyeijua, ni bugali, yaani ugali. Waitaliano watakataa, waache wakatae. Ni unga wa mahindi, maji, chumvi na nguvu za mkono. Wao hutia siagi na jibini ndani, wakaimwaga juu ya ubao badala ya sahani, lakini mwanamke wa Uvira akiiona anajua anachokitazama.

Asifiwe alikuwa mwanamke wa Uvira. Shule aliiacha darasa la pili, mama yake alipojifungua mtoto wa sita na kukawa hakuna wa kubaki na wadogo. Kaka zake waliendelea kusoma. Yeye akiwa na miaka tisa alikuwa anasonga bugali ya watu kumi na mmoja kila jioni, amekaa kigoda, chungu amekibana kwa miguu, na baba yake hakuwahi kukuta donge hata siku moja. Hakuna aliyempa cheti kwa hilo. Mwaka 1999 alifika Uswidi akiwa na binti yake Christelle wa miaka minne, mumewe akiwa amepotelea vitani, na wakapewa nyumba ya vyumba viwili kule Tumba, pembeni mwa jiji kuu. Kila alipoulizwa amesoma hadi wapi, mtu wa ofisini aliandika kitu kifupi sana kwenye karatasi, kisha akamtazama kwa huruma. Asifiwe aliichukia ile huruma kuliko baridi.

Mwaka 2004 alipata kazi ya kuosha vyombo katika mgahawa wa Kiitaliano kusini mwa jiji. Mwenye mgahawa alikuwa Mswidi aitwaye Gunilla, mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa sauti, aliyeipenda Italia kama mtu anavyompenda mume wa mwenzake. Kila msimu wa majani kudondoka alikusanya wateja ishirini hivi, akawapeleka kwenye sikukuu za vijiji ambazo Waitaliano huziita sagra. Kila kijiji kina chakula chake na siku yake: huku uyoga, kule kitunguu, kwingine nguruwe wa kuokwa mzima. Wateja wa Gunilla walikuwa watu wazima wenye viatu vizuri vya kutembelea, walioweza kupanda ndege na basi kwa siku nzima kwenda kula kitunguu kwa sababu wamesikia kwamba kitunguu hicho kina sikukuu yake.

Asifiwe hakuwa na shida nao. Mtu anayekiheshimu chakula kiasi hicho si mtu mbaya. Shida yake ilitoka karibu zaidi.

Namna alivyoanza kusonga polenta ni hii. Siku moja mwaka 2006 alikuwa kwenye karo la vyombo, amempa mgongo mpishi, akasikia mlio wa polenta ikichemka. Kwa mlio tu alijua.

"Hiyo bado mbichi," akasema kwa Kiswidi chake cha kuokoteza. "Na chini inashika."

Mpishi akacheka. "Umeionaje, wewe unatazama ukuta?"

"Nimeisikia."

Mpishi akampa mwiko kwa mzaha. Baada ya robo saa mzaha ulikwisha. Tangu siku hiyo polenta ya mgahawa ilisongwa na Asifiwe, ingawa mshahara na jina la kazi vilibaki vya kuosha vyombo.

Wakati huo Léontine alikuwa amekwisha kuja. Aliletwa Tumba mwaka 2005 na watu wa kanisa, mtoto wa Bukavu, amesoma kwa masista, Kifaransa kinamtoka kama maji. Hakuwa na pa kulala. Asifiwe alimlaza chumba cha Christelle kwa miezi saba, akamkatia kitenge chake mwenyewe, akambembelezea kazi kwa Gunilla ya kuhudumia meza. Léontine alimwita yaya, kama watu wa Kivu wanavyomwita dada mkubwa. Yaya nisaidie hiki, yaya nifundishe kile. Bugali hakujua kusonga. Aliyoipika mara ya kwanza pale Tumba ilikuwa na madonge ya ukubwa wa mayai, na Christelle aliyavua moja moja kwa uma akayapanga ukingoni mwa sahani, wote watatu wakacheka hadi machozi. Alipopata nyumba yake kule Hjulsta, Asifiwe alimbebea sufuria mbili na godoro.

Safari ya mwaka 2008 ilikuwa ya kijiji cha polenta, karibu na mpaka wa Ufaransa, ambako wazee wanajua Kifaransa. Gunilla akaamua kuwachukua wote wawili: Asifiwe wa kusaidia jikoni, Léontine wa kutafsiri.

Msimamizi wa jiko la sikukuu alikuwa mzee mmoja, Ottavio, mwenye masikio makubwa na mikono kama ya fundi seremala. Walisonga tangu asubuhi kwenye masufuria ya shaba, kila sufuria ungeweza kumwogeshea mtoto. Kulikuwa na sheria moja ya kijiji. Sufuria ya mwisho, inayoliwa na wageni wote pamoja, husongwa na mkono mmoja tangu unga wa kwanza hadi inapomwagwa ubaoni. Mikono haibadilishwi. Na jina la aliyeisonga huchomwa kwa chuma cha moto kwenye ubao unaoning'inia jikoni, pamoja na mwaka. Majina yalikuwapo tangu enzi za babu zao, yote ya wanaume wa kijiji.

Ottavio ndiye aliyepaswa kuisonga. Lakini kifundo cha mkono kilikuwa kimemvimba tangu sufuria ya tatu, hata kijiko hakishiki. Alikuwa amemwona Asifiwe akisonga sufuria ya nne. Akamjia, akasema kitu.

"Anauliza kama mkono wako una nguvu bado," Léontine akatafsiri.

"Mwambie nimesonga kwenye vilio, misiba ya watu mia mbili, tena kwa kuni mbichi."

Léontine akamwambia. Mzee akacheka, akampa mwiko kwa mikono miwili kama mtu anayempa mwingine mtoto. Wanaume wawili wakanung'unika, akawanyamazisha kwa neno moja. Alikaa akatazama mpaka unga wote ulipoingia, kisha mpwa wake akampeleka bondeni kwa daktari.

Asifiwe alisonga dakika hamsini. Moshi machoni, kitenge kimeloa mgongoni, mabega yanawaka. Léontine alikuwa mlangoni anakunywa kahawa. Ilipofika wakati, wanaume wanne waliinua sufuria wakaimwaga kwenye ubao mrefu, na ikakaa kama mlima, nyororo, bila donge.

Hapo Asifiwe akaenda kunawa. Huko alikotoka mwanamke aliyepika hajitokezi mbele ya wageni akitiririka jasho. Ananawa uso, anafunga kitambaa kingine, ndipo anatoka. Hiyo ni adabu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba adabu inaweza kumponza mtu. Alichukua dakika kumi. Katika dakika hizo, wanaume wakiwa nje wanagawa, mama wa kamati aliingia jikoni na karatasi yake, akamkuta Léontine peke yake, akauliza kwa Kifaransa nani amesonga sufuria ya mwisho.

Asifiwe alipotoka, uso safi, kitambaa kipya kichwani, alisikia jina likitangazwa kwa kipaza sauti. Léontine. Akamwona anapita katikati ya meza akitabasamu, akainamisha kichwa, akavishwa shada.

Watu walisimama, wakapiga makofi. Na Asifiwe akapiga.

Kwao wanafundishwa hivi: mdogo wako akitukuzwa ugenini, unasimama naye hata kama amekukosea. Aibu ya nyumbani hailetwi mbele ya wageni. Ugomvi unabebwa kimya mpaka nyumbani, mlango unafungwa, ndipo mkosaji anapiga magoti na mambo yanarekebishwa. Alipiga makofi akijua kwamba mlango utafungwa. Mmoja wa wasafiri akampiga picha.

Kwenye basi Léontine akakaa kando yake. "Yaya, umekasirika?"

"Tutaongea nyumbani."

"Mama yule alinivamia na karatasi, nikasema tu."

"Nimesema nyumbani."

Waliongea Tumba, Jumapili iliyofuata, mlango umefungwa. Asifiwe alingoja magoti. Léontine alikaa kwenye kiti cha kukunja, amevuka miguu.

"Mimi nilifikiri utafurahi. Si jina la mtu wa kwetu?"

"Jina la aliyesonga ni langu. Pigia simu watu wale uwaambie."

"Yaya, mambo yamekwisha. Wamekwisha kulichoma." Kisha akasema lile neno. "Na wewe jina lile ungelifanyia nini? Hata ukilikuta ubaoni, huwezi kulisoma."

Asifiwe hakumpiga. Mpaka leo hajui ni kitu gani kilimzuia. Alifungua mlango akamwonyesha ngazi.

Majira yale yale ya baridi Gunilla alitoa kijitabu cha safari zake, na kwenye jalada alikuwa Léontine na shada lake. Gazeti moja la wapenda vyakula lilimhoji. Akawa mwalimu wa polenta: Jumamosi Waswidi kumi na wawili wanasimama wamemzunguka pale mgahawani, wamevaa aprini, naye anawasimulia kuhusu bibi yake wa Bukavu aliyemfundisha kusonga. Bibi huyo alikuwa Asifiwe, aliyekuwa nyuma ya mlango wa jikoni anasonga sufuria yenyewe. Ikishaiva nusu, inapelekwa mbele, Léontine anaizungusha kwa dakika tano huku anacheka, na watu wanaandika kwenye madaftari.

Mtu atauliza kwa nini Asifiwe hakuacha kazi. Mtu huyo hajawahi kuwa na binti shuleni na barua ya pango mezani. Tena alikwenda kwa Gunilla, akamweleza kwa Kiswidi chake, kila neno akiliburuta.

"Lakini mlifanya pamoja," Gunilla akasema kwa upole. "Ninyi ni kama dada, sivyo?"

"Hapana. Mimi tu."

"Asifiwe, sikuwepo jikoni. Nilikuwa na wageni." Akamshika bega. Waswidi wakikushika bega ujue maongezi yamekwisha.

Miaka miwili na nusu ikapita hivyo. Mwezi wa tano mwaka 2011 Gunilla aliandaa sagra yake mwenyewe uani kwa mgahawa, meza ndefu, taa za rangi, kila meza na mkoa wake wa Italia, na mgeni wa heshima alikuwa Ottavio. Christelle, wakati huo ana miaka kumi na sita, aliajiriwa siku ile kubeba sahani.

Saa nane mchana mzee alitembezwa aone jiko. Gunilla mbele, Léontine kando yake akitafsiri. Walipopita kwenye karo la vyombo Ottavio akasimama. Alimtazama Asifiwe, akatazama mikono yake ndani ya maji, kisha akaivuta yote miwili nje, povu linadondoka, akaanza kuongea Kifaransa kwa haraka. Akazungusha mkono hewani, kusonga, kusonga. Akaonyesha kule mgahawani, kwenye picha kubwa ya Léontine iliyotundikwa ukutani. Akatikisa kichwa.

"Anasema nini?" Gunilla akauliza.

Léontine hakupepesa jicho. "Anamshukuru kwa kazi ya vyombo. Anasema kazi hii ni ngumu."

Christelle alikuwa nyuma yao na sahani saba mkononi. Kifaransa alikuwa anasoma shuleni mwaka wa nne sasa, na Léontine alikuwa amesahau kwamba watoto hukua. Binti akaweka sahani chini. Aliongea Kiswidi, kama alivyozoea kumjibu mama yake, na kwa hiyo Gunilla alielewa kila neno.

"Mama, si hivyo alivyosema. Anauliza kwa nini jina lako halipo ubaoni. Anasema yeye mwenyewe alikupa mwiko. Anasema aliporudi kwa daktari alikuta jina la mtu mwingine, akaambiwa ulikataa kuandikwa."

Asifiwe alifunga bomba la maji.

"Nani alisema nilikataa?" Asifiwe akauliza.

Christelle akamuuliza mzee. Mzee akamnyooshea kidole Léontine.

"Ah, Christelle," Léontine akasema kwa Kiswahili, akicheka kicheko chembamba, "Kifaransa cha shule hicho, mwanangu. Mzee huyu anakula maneno, hata mimi napata taabu."

"Wewe unakula zaidi yake," Christelle akamjibu, kwa Kiswahili safari hii. "Ulikula chakula cha mama miezi saba, ukalala kitandani kwangu. Sasa mwambie Gunilla."

"Heshimu wakubwa!"

"Mkubwa yuko wapi?"

Asifiwe alifuta mikono kwenye aprini. Alimwendea Léontine hadi pumzi zikagusana. "Sema. Hapa hapa. Mzee yupo, bosi yupo. Neno moja tu, nami nitakusamehe."

Ni Gunilla aliyejibu. Uso ulikuwa umemwiva mwekundu. Alisema uani kuna wageni tisini waliokwisha kulipa, na watu wa gazeti wamefika. Alisema vijitabu vya safari ya mwaka ule vimekwisha kuchapwa. Alisema atashukuru sana kama jambo hili halitaletwa mbele ya wageni, wataliongea kwa utulivu wiki ijayo.

Kwa mara ya pili Asifiwe alitakiwa kuwastahi wageni, na safari hii na mtu ambaye hayo hayakuwa mafundisho ya kwao hata kidogo. Alifungua aprini, akaiacha sakafuni.

"Polenta ya jioni," akamwambia Gunilla, "atasonga mwalimu."

Akaondoka na Christelle kwa treni ya Tumba. Walisikia baadaye kwamba polenta ya jioni ile ilikuwa na madonge, kwamba Léontine aliwaambia wageni ndivyo inavyoliwa Afrika, na kwamba Waswidi waliisifu. Wiki ijayo ya Gunilla haikufika.

Asifiwe alipeleka shauri kanisani. Mzee wa kanisa, Janvier, mtu mpole aliyezoea kupatanisha wanandoa, aliwaita wote wawili katika ukumbi wanaokodi pale Tumba, pamoja na akina mama sita. Léontine alikuja na bahasha. Hakubishana sana. Alitoa picha moja akaizungusha mkono kwa mkono. Ilikuwa picha ya yule msafiri: Léontine na shada, na nyuma yake Asifiwe, kitambaa kipya, uso unang'aa, mikono imekutana.

"Mama Christelle," Janvier akasema polepole, "huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unapiga makofi?"

"Napiga. Mzee, unajua kwetu. Ningefanya nini mbele ya wazungu? Nimwaibishe?"

"Nani anampigia makofi aliyemwibia?"

"Mtu aliyelelewa!" Asifiwe akapaza sauti. "Mtu aliyelelewa ndiye anayepiga! Ninyi mama zangu mnajua, nyote mngepiga!"

Akina mama walitazama viatu vyao. Walijua. Mmoja wao, Hortense, alikuwa amepanda jukwaani kwenye harusi ya mumewe wa zamani akaimba, ili watoto wasione haya. Lakini Léontine ndiye aliyekuwa anawaandikia barua zao za ofisini, za makazi, za wajukuu, na hakuna aliyetaka kumkosa mwandishi. Janvier aliomba sala ndefu ya upendo, akawataka wakumbatiane. Asifiwe alitoka kabla ya amina.

Sasa ni mwaka 2012. Asifiwe anapika katika nyumba ya kutunzia wazee, viazi kila siku, na usiku wa Jumanne anakwenda darasa la kusoma la watu wazima. Hasemi ni kwa sababu gani. Léontine anaongoza safari mbili kwa mwaka, ya masika na ya majani kudondoka.

Mwezi uliopita Christelle alimpigia Ottavio simu, mama yake ameketi kando, akamwuliza jina linafutwaje. Mzee alijibu kwamba ameshabishana na kamati hadi amechoka. Jina lililochomwa haliondolewi kwa neno la mtu mwingine, hata lake yeye. Mwenye jina mwenyewe aseme kwamba hakusonga. Akisema, watalikwangua siku hiyo hiyo, na yeye Ottavio atalichoma jina la Asifiwe ubaoni kwa mkono wake.

Basi deni ni sentensi moja, na mdaiwa ni Léontine wa Hjulsta. Aiseme kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha aliyodanganyia: *si mimi niliyesonga, ni Asifiwe*. Gunilla anadaiwa kuirudia kwa Kiswidi mbele ya wasafiri wake, wamesimama na aprini zao. Na Janvier, kwa kuwa alitaka kumbatio, anadaiwa kusimama Jumapili moja mbele ya kanisa zima na kusema kwamba mama wa Uvira akipiga makofi si kwamba amekubali. Wote watatu wana namba ya simu ya Asifiwe. Hajaibadilisha.